Diski Mbili za Athumani

Diski ilijaa Jumatatu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amerekodi kitu. Swabaha aliliona tangazo la kujaa kwake kwenye kioo cha televisheni akifagia sebule yake, Kaloleni. Aliyekuwa na mazoea ya kurekodi ni mumewe, Athumani: mechi, taarifa za habari, vipindi vya kilimo, vyote kwenye diski mbili nyeusi zilizochomekwa nyuma ya king'amuzi. Athumani alikuwa amefariki miezi minne iliyopita. Tangu hapo Swabaha alipika, akala, akafua, kama mtu anayemfanyia mwingine kazi.

Akafuta mechi kumi. Kesho yake diski ikajaa tena. Akafuta habari zote, Jumatano ikajaa. Chini kabisa ya orodha palikuwa na rekodi moja isiyo na jina. Ilikuwa na urefu wa saa sita. Alhamisi urefu ulifika saa ishirini na mbili.

Akaifungua mchana, ukungu wa Julai ukiwa umeufunika Mlima Meru. Kioo kilibaki cheusi. Kwanza alisikia mtu akivuta pumzi, polepole, kama aliyelala chumba cha pili, kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, ikapanda kutoka nyuma ya televisheni, ikaenea kwenye makochi na mapazia hadi kinywani mwake, na ndani ya harufu hiyo, karibu naye kuliko spika zenyewe, sauti ya Athumani ikauliza, "Swabaha, leo umefuta nini?"

Hakukimbia. Alijibu: mechi, habari. Sauti ikamwambia afute zaidi, hapatoshi. Akafuta.

Siku tano alikaa pale akijibu, mpaka wifi yake Mwanahalima, dada wa Athumani, alipokuja kumletea ndizi akaisikia sauti hiyo akiwa mlangoni. Akazima umeme ukutani. Pumzi haikukoma.

"Wifi, huyo si kaka yangu," alinong'ona. "Kaka alikuita jina lako lini?"

Swabaha akafikiri. Miaka ishirini na mitatu mumewe alikuwa akimwita Bibie.

Maalimu Najim, msomaji wa dua aliyeitwa na Mwanahalima, alifika kutoka Kisongo siku hiyohiyo. Swabaha alimwamkia shikamoo bila kuinua macho. Mzee alisoma kwa muda mrefu, akanyunyiza maji, kisha akaeleza kwamba jini lile liliomba nafasi na likapewa. Kila alichofuta mwenye nyumba kwa mkono wake kililiachia chumba kingine. Diski zote mbili zivunjwe, na azivunje Swabaha mwenyewe.

Swabaha akasema ya pili ina kipindi ambamo Athumani alihojiwa Kikatiti, kuhusu mahindi. Dakika tatu. Hakuna pengine sauti yake ilipobaki.

"Najua, mwanangu," Maalimu akasema. "Nalo linajua."

Alizivunja uani kwa nyundo, bila kulia. Kitu kikapita kati yao, cha moto kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa, kikaenda. Harufu ikaisha.

Jioni, mawifi hao wawili wakinywa chai, Swabaha akasema, "Niigizie kaka yako alivyokuwa akicheka."

Mwanahalima akatabasamu, akafungua kinywa. Akakifunga. Akajaribu tena, mkono kooni. Yeye na Athumani walizaliwa tumbo moja, wakalala mkeka mmoja utotoni, na hakukikumbuka kicheko chake. Swabaha naye akatafuta: salamu yake, kikohozi chake, dua yake ya alfajiri. Uso ulikuwepo, midomo ikisogea bila sauti.

"Na wewe?" Mwanahalima akauliza.

Swabaha akatikisa kichwa, akamwongezea chai.