Kuumwa na Kuzidiwa

Jamaa zangu, nitegeeni sikio niwape habari ya nyumba moja ya kijiji cha Waa, nyumba iliyokuwa na raha yake.

Mwaka wa 1956 Chande alikuwa mwalimu msaidizi asiye na cheti. Asubuhi alisomesha watoto wadogo, na baada ya sala ya alasiri alitandika mkeka uani akajisomea kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Kiingereza chenyewe hakikumtisha. Kilichomsumbua ni yale maswali ya kulinganisha maneno, yanayomtaka mtu apime uzito wa neno hili na lile.

Mkewe, Mwanaima, hakusoma shule, lakini alipenda kumsikiliza huku akikuna nazi.

"Hebu hili," Chande alimwambia siku moja. "'Warm' kwa 'hot' ni kama 'drizzle' kwa lipi? Yaani vuguvugu kwa moto ni kama manyunyu kwa nini? Wamenipa 'cloud', wingu; 'rain', mvua; na 'flood', gharika. Mimi nasema gharika."

Mwanaima akacheka. "Umeruka mno, bwana. Maji ya vuguvugu yakizidi joto huwa ya moto, bado hayajachemka. Na manyunyu yakizidi?"

"Huwa mvua," Chande akajibu, naye akacheka. "Kumbe hatua ni moja tu!"

Ikawa ndiyo starehe yao. Chande akaishika kanuni: hakuna maneno mawili yaliyo sawasawa; lazima uulize lipi limezidi, na limezidi kwa kiasi gani.

Lakini tamaa ya cheo huanza kimya kimya, kama mchwa. Mtihani ulipokaribia, Chande aliacha kucheka. Mwanaima alikuwa na mimba yao ya kwanza, na kila akifungua kinywa aliambiwa, "Nyamaza kidogo, nasoma." Alisema kichwa chamuuma, akaambiwa apumzike. Alisema miguu imevimba na macho yaona ukungu. Akaambiwa ni mambo ya mimba, yatapita.

Siku ya mtihani, Chande alipokuwa akifunga viatu aende Kombani kupanda basi la Kwale, Mwanaima alimshika mkono.

"Usiende leo. Nimezidiwa."

"Si jana ulisema waumwa? Nitakuletea dawa nikirudi."

"Jana niliumwa. Leo nimezidiwa, Chande."

"Ni yale yale, Mwanaima!" Akauchomoa mkono wake, akaenda.

Yale yale! Mmesikia, jamaa zangu? Hayo ni maneno ya mtu aliyeshinda miezi akijifunza kwamba manyunyu si mvua.

Mtihani aliufanya vizuri sana. Alirudi alasiri na kifurushi cha halua, akakuta mlango umefungwa. Jirani yao, Mwanapili, alitoka akimlilia.

"Mkeo ameanguka uani, mwili wote ukimtetemeka. Tumempakia kwenye lori la nazi lililokuwa likienda Msambweni. Ulikuwa wapi, Chande?"

Huko hospitali walimwokoa Mwanaima. Mtoto, msichana, alizaliwa hana uhai. Bi Mishi, mamake Mwanaima, alikuja kutoka Kikoneni, na binti yake alipopata nguvu kidogo akamchukua kwao.

Majibu ya mtihani yalipotoka, Chande alikuwa amefaulu. Akaenda Kikoneni na habari hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwanaima alitoka, amekonda, akaketi upande wa pili wa baraza.

"Bado una hasira nami?" Chande akamuuliza.

"Hasira sina. Nimevunjika moyo."

"Mke wangu, nisamehe. Turudi nyumbani."

"Nimekusamehe. Lakini ingekuwa hasira, ingepoa, nikarudi. Hili sijui litapoaje."

Chande alisoma, akapata cheti, akapewa darasa Kombani. Anakaa Waa peke yake. Jioni hujikuta amenyamaza ghafla katikati ya kusoma, ametega sikio, kana kwamba kuna mtu atakayemjibu. Kila shule zikifungwa huenda Kikoneni. Hupokewa kwa heshima, hupikiwa wali, hutandikiwa barazani kama wanavyotandikiwa wageni. Kisha Mwanaima humsindikiza hadi njia panda, humwambia, "Ufike salama," hugeuka. Chande husimama pale pale akimwangalia mpaka asimwone tena.

FUNZO

Elimu ni njema, na anayeitafuta hana lawama. Lakini enyi waume, msizipime habari za mbali mkashindwa kuzisikia za chumbani mwenu. Mwenzio akibadilisha neno, jua hali imebadilika: mwulize, mwamini, mpeleke akatibiwe. Mtihani hurudi mwaka unaofuata. Mtoto wa Chande hakurudi.