Kitanda cha Bibi Ndani ya Makumbusho

"Dada, toka ndani ya kamba. Vitu vya hapa havishikwi," mlinzi alisema.

Msusi hakutoka. Alikuwa amekuja kumletea mchumba wake chakula cha mchana, akachungulia nyumba ya jadi waliyoizindua juzi, akavuka kamba akaingia. Mle ndani, kando ya jiko la mafiga, kilikuwepo kitanda cha kamba cha bibi yake aliyemlea. Juu yake kibao: "Zawadi ya familia ya marehemu."

"Marehemu yupi?" aliuliza. "Bibi yangu nimemwacha nyumbani anafukuza kuku."

Wageni wakageuka. Mchumba wake, mhifadhi wa makumbusho, akaja mbiombio.

"Mpenzi, twende ofisini tuongee."

"Tutaongea hapa hapa. Ulisema umekipeleka kwa fundi."

"Nilitaka kukipeleka, kweli. Nyumba ikawa imekamilika, haina kitanda, na wakubwa wananisakama..."

"Ukaona umuue bibi."

"Ni maneno tu ya kwenye kibao. Aliye hai lazima atie saini mwenyewe. Nilijua hatakubali."

"Analala chini, mgongo umemkaza. Kila ukija anakuuliza, na wewe unakula chakula chake huku ukimwambia fundi anaumwa."

"Punguza sauti, watu wanasikia."

Msusi akampigia bibi simu, akaweka sauti kubwa, akamkabidhi mhifadhi.

"Mwambie mwenyewe. Ukisema kweli, yaishe."

Mhifadhi akaisogeza simu mdomoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Vipi fundi wetu, kapona?"

Mhifadhi akawatazama wageni, akamtazama msusi.

"Bado, bibi. Anaendelea vizuri."

"Mpe pole. Mwambie asijitese, mimi nitasubiri."

Msusi akampokonya simu. Hasira zilimpanda. Pete ya uchumba aliivua kwa shida, akaibandika kwenye kiganja cha mhifadhi.

"Hii nayo iweke ndani ya kamba."

Akashika kitanda upande mmoja. Mlinzi alimwangalia bosi wake, akavua kofia, akashika upande wa pili. Hakuna aliyewazuia.

Jioni, nyumbani, ujumbe wa mhifadhi ukaingia: "Kosa moja tu ndiyo unavunja harusi? Kadi zimeshagawiwa."

Akajibu: "Nimekupa nafasi ya kusema kweli, ukamdanganya tena huku nakutazama. Nikikupa kisogo itakuwaje?"

Akazima simu. Bibi alikuwa ameshajilaza kitandani; mlinzi alishamsimulia kisa walipokiingiza mlangoni.

"Eti alisema nimekufa?" bibi aliuliza.

"Aliandika kabisa."

"Na mimi nilimwita mume." Bibi akasonya, sonyo refu. "Harusi je?"

"Hakuna, bibi. Usinisihi."

"Nani akusihi? Mie nilikuwa nawaza nguo niliyoshona."

Msusi akataka kucheka, kikaja kilio. Bibi akasogea ukutani, akapigapiga nafasi iliyobaki.

"Panda."

Akapanda na viatu vyake, na bibi, ambaye tangu zamani hakutaka kuona kiatu kitandani, hakusema kitu.