Hina Iliyokolea Kupita Kiasi

Asubuhi kwetu huanza na makaa. Mimi hupuliza jiko, mume wangu Yaqub huipasha lakiri, utomvu mgumu wa kutengenezea bangili, mpaka ilainike na kuvutika, na binti yetu Nuzhat hupanga vioo vidogo kwa rangi zake kabla hajaenda shule. Sisi ni watengeneza bangili wa Hyderabad, India, mtaa wa nyuma ya mnara wa Charminar. Kwetu mkono ndio shamba.

Basi asubuhi moja lakiri ya moto ilimdondokea Nuzhat kiganjani, mkono wa kulia. Lakiri ikishika ngozi haibanduki kwa kupuliza. Nilimkimbiza hospitali kandambili moja ikibaki njiani.

Daktari Vasundhara alimsafisha, kisha akamwekea kiganjani kipande cha jeli, laini na baridi, kinachopitisha mwanga.

"Vidonge vinamtapisha, sivyo?" aliniuliza. "Basi tumpe dawa bila kupitia tumboni. Jeli hii imejaa maji, na ndani yake mna chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kila chembe imebeba dawa kidogo. Vijidudu wakianza kuzaliana kidondani, chembe zinafunguka na kuiachia hapohapo, kidogo kidogo. Haizunguki mwili mzima."

"Lakini daktari, kidonda kitakaaje na majimaji? Kwetu tunakikausha."

"Hiki msikikaushe. Na jeli isitolewe mpaka mrudi Jumatatu. Umesikia, Nuzhat?"

"Nimesikia," alisema.

Alisikia, lakini wiki ileile ilikuwa ya harusi ya Shagufta, binti wa shangazi yake. Alhamisi wasichana wote walikusanyika kwa shangazi kupakwa hina. Mimi nilibaki dukani kumalizia bangili za bibi harusi. Nilikaa, nikainuka, nikachungulia njia, nikakaa tena. Mume wangu akacheka: "Mama Nuzhat, kiti kina miiba?"

Nuzhat aliporudi, viganja vyote viwili vilikuwa vimepakwa hina.

"Jeli iko wapi?" nilimuuliza.

"Shangazi alinipeleka hospitali, Mama. Sista kaitoa. Kasema nimepona."

Alisema bila kupepesa macho. Nami nikajiambia, shangazi mtu wa maana, hawezi kukosea. Lakini moyo haukutulia.

Kesho yake hina ilikuwa imekauka na kubanduliwa. Tulikwenda wote kwa shangazi, na wanawake wakamzunguka binti yangu.

"Jamani, tazameni huo mkono wa kulia! Rangi imekolea mpaka imekuwa nyeusi!"

"Huyu, mama mkwe wake atambeba mgongoni!" alisema jirani mmoja, na wote wakaangua kicheko. Kwetu husemwa hivyo, hina ikikolea sana msichana atapendwa na mama mkwe wake.

Nuzhat hakucheka. Alikuwa ameukunja mkono kama anayeficha peremende. Nikauchukua na ule wa kushoto, nikavilaza viganja pamoja. Wa kushoto ulikuwa rangi ya chungwa. Hina ileile, saa ileile. Kwa nini huu mwingine uwe mweusi? Kila mwanamke wa kwetu anajua hina hukolezwa na joto. Nikaweka kiganja kile shavuni mwangu.

Kilikuwa kinawaka.

"Shangazi," niliita, "ulimpeleka mtoto hospitali?"

"Hospitali gani? Jana nilikuwa nimezama kwenye vyungu mpaka shingoni!"

Sikungoja kusikia zaidi. Kwenye teksi ya magurudumu matatu nilikuwa nikimwambia dereva apite huku, apite kule, mpaka akaniambia, "Dada, ama uendeshe wewe."

Daktari Vasundhara aliugeuza mkono kwenye taa. "Hina imeficha wekundu wote," alisema. Akapapasa mpaka kwenye kifundo. "Kunja vidole, Nuzhat." Vidole vilifika nusu, vikagoma. "Jeli ilitoka lini?"

Nuzhat alitazama sakafu. "Ilianguka yenyewe. Leo asubuhi. Hina nilipakwa kuizunguka."

Daktari akamgeukia sista. "Kama ilikaa mpaka leo na bado mkono umefika hapa, basi dawa hii imeshindwa. Tutabadilisha. Sindano kali, na alazwe." Kisha akaniambia polepole, "Sindano hizi zinaweza kuumiza figo, mama. Lakini tusipozuia, vidole vinaweza kukakamaa."

Nilishika ukingo wa kitanda. Mtoto wa bangili asiyeweza kufumba kiganja!

"Nuzhat," nilisema, "jana ulirudi bila jeli. Mimi sitakupiga. Sema."

Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Niliibandua mwenyewe, jana. Rumana, mmoja wa wasichana wa pale kwa shangazi, alisema nimeshika konokono, akasema wasichana wasinikaribie kwenye picha. Nikaitupa chooni. Nikanawa, nikapakwa hina."

Sista alikuwa ameshaichukua sindano. Daktari aliinua mkono kumzuia.

"Kumbe dawa haikushindwa. Ilinyimwa kazi." Akavuta kiti, akakaa sawa na macho ya mtoto. "Ungenyamaza, ningekutibu ugonjwa wa uongo wako, si ugonjwa wa mkono wako. Dawa hii inajua mahali pa kwenda, mwanangu. Lakini haina miguu ya kurudi kiganjani ukishaitupa. Na mimi sina macho ya kuona ulichonificha."

Alimsafisha upya, na Nuzhat akalia mpaka sauti ikakauka. Akawekewa jeli nyingine, tukaambiwa turudi kila asubuhi. Harusi ilipita bila sisi. Ngoma tulizisikia kwa mbali, tukiwa dirishani.

Hina ilififia, na chini yake ikatokea ngozi mpya ya waridi. Siku vidole vilipofumba mpaka mwisho, Nuzhat alikishika kidole changu akakibana, nami nikamwomba abane tena.

Nawaandikia ninyi watoto kwa sababu akina Rumana wako kila mtaa. Wakikucheka, kicheko kitaisha kabla ya chakula cha jioni, ila mkono utakuwa nao mpaka uzeeni. Usiitoe dawa kwa sababu ya macho ya watu. Na kama umeshaitoa, sema upesi, hata kama unatetemeka.

Mimi bado namshika kiganja kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa. "Mama, kimepoa!" ananilalamikia.

Najua. Nagusa tena.