Sanduku Lisilo Kiti

Uongozi wa jengo uliwatangazia wapangaji wote kwamba, kwa kuzingatia hadhi ya mahali, viti vya plastiki vimepigwa marufuku ukumbini. Gundi ya tangazo ilikuwa haijakauka mshonaji wa ghorofa ya juu alipoteremka, gauni la kijani mwilini, sindano mbili zimesahauliwa kolani, akahisi harufu ya moshi usiokuwepo. Aliijua: kifafa kilikuwa kinapiga hodi. Alitafuta pa kukaa. Fundi wa lifti akamsukumia sanduku lake la vifaa.

"Hiki si kiti," alisema kwa uso mkavu. "Sheria haijavunjwa, Bi Sindano."

Kwa sanduku hilo wakapendana, wakaoana, naye akapata mimba. Hapo fundi, ambaye mapenzi yalimpa ujuzi wa kila kitu, akaogopa dawa za kifafa za mkewe zisimdhuru mtoto. Katika kazi ya mafundi wa lifti, alieleza, hakuna kinachoguswa kabla ya kuzima umeme. Basi na dawa zizimwe kwanza. Mkewe alikubali, kwa kuwa hofu hiyo ilikuwa yake pia. Wiki haikuisha: alianguka kando ya cherehani, mkasi wazi mkononi.

Mtoto tumboni alisalimika. Daktari aliwaeleza kwamba hatari kubwa ni kukatiza dawa ghafla, na kwamba kipimo hubadilishwa na kliniki, si na mume. Mshonaji akahamia kwa dada yake akiwa na dozi, ambayo kliniki iliipandisha mimba ilivyokua, na hasira, ambayo haikuhitaji kupandishwa.

Fundi alipiga simu kila jioni.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa. Kwani wewe kengele?"

"Ndiyo, mpenzi."

Alimkatia simu. Kesho yake aliisubiri.

Binti alizaliwa salama. Kliniki ikaishusha dozi taratibu, ikaruhusu kunyonyesha, ikasisitiza usingizi. Asubuhi moja fundi alifika kwa shemeji yake, shati limepigwa pasi vibaya, akatandika mkeka akambadilisha mtoto nepi sakafuni: mama akishikwa na kifafa, mtoto asiwe na pa kuanguka. Kisha akamwambia mkewe alale.

"Nani kakufundisha?"

"Muuguzi. Nilimuuliza kabla ya kugusa kitu."

"Na umeme?"

"Sizimi tena nisichokijua."

Mshonaji alilitazama lile shati. "Nikiamka tunarudi nyumbani. Pasi hiyo inaiaibisha fani yangu."

Siku aliporudi kazini, alikaa juu ya sanduku ukumbini akameza kidonge chake, mumewe amempakata mtoto. Nyuma yao palibandikwa tangazo jipya: uongozi, baada ya kusikiliza malalamiko, umeruhusu kiti kimoja, mradi kisikaliwe.