Milango ya Jengo la Ushirika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorotea alimsaidia bibi yake, Ng'washi, kupeleka uji kwenye jengo la zamani la ushirika pale mtaa wa Mirongo, karibu na ziwa. Bibi alibeba sufuria kichwani, na Dorotea alibeba vikombe ndani ya ndoo. Mwaka huo wa 1996 jengo lilikuwa likigeuzwa kuwa hosteli ya wanachuo. Ukumbi ambamo zamani wakulima wa pamba walifanya mikutano yao ulikuwa umeshagawanywa vyumba, na mafundi walikunywa uji wakiwa wamekaa juu ya mifuko ya saruji.

Fundi seremala alikuwa Mzee Salehe, babu yake Yasmin, msichana aliyekaa dawati moja na Dorotea darasa la sita. Mzee Salehe hakuwa msemaji. Akimaliza uji alisuuza kikombe chake, kisha akasuuza na vya wenzake, ili Bibi asiiname sana.

Watu wa Mirongo walikuwa na wasiwasi na jengo lile. Ushirika ulipofilisika miaka mitatu nyuma, vitu viliondoka kimoja kimoja: mizani, taipureta, hata kengele ya mlangoni. Hakuna aliyejua vilikokwenda. Sasa waliogopa kwamba na milango itaondoka. Ilikuwa milango minane mizito ya mninga, ambayo wazazi wao waliinunua kwa jasho la mashamba yao. Kwa hiyo kila aliyetoka pale na mzigo alitazamwa mara mbili.

Jumatatu moja Dorotea alimwona Mzee Salehe akisukuma mkokoteni kuelekea ziwani. Mzigo ulikuwa umefunikwa kwa magunia, lakini pembe ya mlango ilichungulia. Jumatano akamwona tena. Bibi alipokuwa akimimina uji, Dorotea alizunguka vyumbani. Milango minne haikuwepo.

Jioni aliwasimulia wenzake kwenye bomba la maji. Msichana mmoja alicheka, akasema labda milango imekwenda kuoga. Wote wakacheka. Dorotea hakupenda.

"Nimeiona ikipakiwa kwenye boti," alisema. "Boti ya kwenda visiwani."

Hakuwa ameona boti yoyote. Aliona mkokoteni ukikata kona, basi. Lakini sasa hakuna aliyecheka.

Alhamisi asubuhi habari zilikuwa zimemfikia Mzee Luhende, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alimuuliza Mzee Salehe mbele ya mafundi na watu waliojaa mlangoni. Seremala alijibu kwamba milango iko salama, na kwamba msimamizi wa kazi, Bwana Chenge, aliyesafiri kwenda Shinyanga, anajua kila kitu. Alipoulizwa iko wapi, aliutazama umati.

"Mbele ya watu wote hawa sitasema. Nitakupeleka wewe peke yako."

Watu walinung'unika. Mzee Luhende akamgeukia Dorotea.

"Mjukuu wangu, hiyo boti uliiona kwa macho yako?"

Dorotea aliinamia ndoo ya vikombe. "Ndiyo, babu."

"Basi tukafuate nini huko, kama imeshavushwa?" alisema Mzee Luhende. Alimwambia seremala aache kazi, na kwamba milango isiporudi hadi Jumamosi asubuhi atakwenda polisi. Mzee Salehe alikusanya msumeno na randa yake, akaondoka bila kumtazama mtu.

Ijumaa Yasmin alihamia dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko Dorotea alimfuata.

"Babu yangu hajala tangu jana," alisema Yasmin. "Wewe si uliiona hiyo boti? Ilikuwa rangi gani?"

Dorotea aligeuka akarudi darasani.

Jioni, Bibi akipepeta ulezi, Dorotea alimweleza yote. Bibi aliweka ungo chini, akachukua khanga yake.

"Nitasema kesho, Bibi."

"Kesho polisi watakuwa wameshafika kwake. Twende."

Nyumbani kwa Mzee Luhende, mzee alimsikiliza Dorotea mpaka mwisho, wala hakumkaripia. Walimpitia Mzee Salehe nyumbani kwake, wakaenda wote wanne mpaka ufukweni, nyuma ya mawe makubwa. Seremala alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akasukuma jiwe pembeni. Ubao wa mlango ukaibuka.

Alieleza kwamba wadudu walikuwa wameitoboa milango ile, na fundi mwingine angeichoma moto. Yeye alifundishwa kuilaza majini wiki mbili ili wadudu wafe, kisha kuikausha kivulini. Aliifunika kwa magunia ili unga wa mbao usiwaingie wapita njia machoni. Mahali hakupataja, kwa kuwa mninga kama ule ungeibwa usiku huohuo.

Mzee Luhende aliingia majini na viatu vyake. Aliigusa milango yote minne, mmoja baada ya mwingine, kisha akamwomba mwenzake radhi palepale.

Dorotea alisogea. "Nisamehe, babu. Sikuona boti."

"Nimekusamehe," alisema Mzee Salehe. "Ni vizuri umesema wewe mwenyewe."

Njiani Bibi alimshika Dorotea mkono.

"Kushuku si kosa, mjukuu wangu. Hata mimi niliuona mkokoteni ule nikashuku. Ningemuuliza nilipompa uji, lakini nilinyamaza, na hapo nilikosea. Wewe ulisema umeona usichokiona. Mtu akishaitwa mwizi, hakuna anayemsikiliza tena, hata akisema kweli. Ukiona mkokoteni, sema umeona mkokoteni, uishie hapo."

Dorotea aliuliza kama sasa yamekwisha.

"Bado," alisema Bibi. "Uliwaambia watu wengi."

Walipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango ulipofunguliwa Dorotea aliamkia, kisha akasema hakuona boti na kwamba Mzee Salehe hakuiba kitu. Nyumba ya kwanza Bibi alisimama kando yake. Walipofika ya tano, Bibi alibaki barabarani akamwacha aende peke yake.