Mkate wa Rai Iliyoota

Taavetti alikuwa na viti viwili: kimoja kwenye mashua ya kijiji ya mashindano ya makasia, kingine chooni. Kiangazi hiki alikalia cha chooni tu. Tumbo lilikuwa limefunga. Aliingia na gazeti, akalisoma lote, hata matangazo ya vifo, akatoka kama alivyoingia.

"Shemeji, kama huwezi kuinama, sema," Oiva, kaka wa mkewe, alimwambia. "Kasia lako nitalishika mimi."

"Utalishika nikifa."

"Kwa hali hii sitangoja sana."

Lempi, mkewe, akampeleka zahanati. Nesi alimpa dawa ya kulainisha choo, kisha akauliza anakula nini.

"Mkate mweupe, siagi na kahawa," Lempi akajibu.

"Ale mkate wa nafaka isiyokobolewa, ngano au rai. Na anywe maji."

"Mkate wa rai wa dukani mchachu," Taavetti akanung'unika. "Wa mama yangu ulikuwa mtamu."

Lempi alikumbuka kwamba mama mkwe aliotesha rai kabla ya kuisaga. Akazitia punje kwenye ndoo ya maji, akaiweka kwenye benchi la juu la sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, ziote upesi kwa joto. Akasahau kuwa kesho yake ni Jumamosi. Taavetti angeweza kusahau siku ya harusi yake, lakini si kuwasha sauna Jumamosi. Akawasha, akayamwagia mawe ya moto maji, mvuke ukapanda. Mara akachomoka na taulo tu kiunoni.

"Lempi! Kuna kitu kimeoza humu!"

Jirani yao Martta, aliyeoka mikate kiwandani miaka mingi, akaja aliposikia kelele. Akachungulia ndoo, akacheka.

"Wewe umezizamisha, mumeo akazichemsha. Punje iko hai, bibie, inataka kupumua. Iloweke usiku mmoja tu. Asubuhi mwaga maji, suuza, chuja, tandaza jikoni. Suuza tena asubuhi na jioni. Kimkia kinachoota kikilingana na punje kwa urefu, saga. Ukiona ukungu au harufu mbaya, tupa. Hizi ulizitoa wapi?"

"Nilinunua za chakula."

"Afadhali. Za kupandia hupakwa sumu. Usizile hata ukiziosha."

"Zikiota ndiyo nini?" Taavetti akauliza, taulo kalishika kwa mikono miwili.

"Wanga unaanza kugeuka sukari. Huo ndio utamu wa mama yako. Na maganda yote yamo, ndiyo yanayosukuma choo. Ila maji unywe, na ukiona damu urudi zahanati. Sasa kavae, baba, tumekuona vya kutosha."

Lempi akaanza upya. Safari hii alizisaga punje kwa mashine ya kusagia nyama, akatia chumvi na chachu kidogo, akaoka kwa moto mdogo mpaka mkate ukaiva ndani.

"Tofali hili," Taavetti akasema. Akatafuna. Akasogeza sahani apewe kipande kingine.

Tangu hapo mkate ule ukawa wa asubuhi na jioni, na maji glasi kwa glasi.

Siku ya mashindano Oiva aliwahi ziwani, akajikalisha mashuani kwenye kiti cha shemeji yake. Taavetti akaja akipiga mluzi, gazeti limekunjwa kwapani.

"Habari gani gazetini leo?" Oiva akamchokoza.

"Hata sijalifungua. Chooni sikukawia," Taavetti akasema. "Nipishe kiti changu, shemeji."