Alinisukuma Kwenye Mbili

Waliokuwepo juu ya paa lile walikuwa watano: mwongozaji wa filamu, mpiga picha, mume wangu ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa mapigano, wifi yangu, na mimi.

Chini, umbali wa ghorofa mbili, yalipangwa maboksi matupu, safu juu ya safu, na juu yake magodoro.

Mume wangu akaanza kuhesabu.

"Moja..."

"Mbili..."

Nikasukumwa!

Ndugu wasomaji, naomba niwaeleze kwa utaratibu. Kwenye "moja" unapanga miguu. Kwenye "mbili" unashusha pumzi na kuficha kidevu kifuani. Kwenye "tatu" ndipo mwenzako anakusukuma. Anayesukumwa kwenye "mbili" huanguka kama gunia.

Nilianguka kama gunia. Bega langu lilitua pembeni ya magodoro, kwenye saruji. Niliusikia mfupa kabla sijausikia uchungu.

Aliyenisukuma ni wifi yangu, dada wa mume wangu!

Miaka saba tulipigana miereka pamoja, mimi nikiitwa Nyundo, yeye Sindano. Kila Jumamosi alininyanyua na kunibwaga mbele ya watu, na sikuwahi kuvunjika hata ukucha. Mtu wa namna hiyo hakosei hesabu.

Tena wiki ileile nilikuwa nimepewa, kwa mara ya kwanza, nafasi ya kuigiza kwa maneno, si kuanguka tu. Kurasa tatu nzima! Nilipolazwa, kurasa zile alipewa nani?

Wifi.

Mume wangu aliniuguza. Aliniosha, akanilisha kwa kijiko.

"Basi tena, mke wangu. Mambo ya filamu yaache. Tulia nyumbani."

"Na dada yako je?"

"Ile ni ajali tu. Msamehe."

Sikusamehe. Nilisubiri.

Bega lenye vyuma halirudi ulingoni. Nilichobakiwa nacho ni uso na sauti, nikavifanyia kazi kila asubuhi mbele ya kioo cha kabati. Uhusika wangu wa kwanza ulikuwa maiti. Nililala vizuri hata mwongozaji akaniita tena, safari hiyo nikiwa hai. Nikawa muuguzi mwenye sentensi moja. Nikawa mama mkwe mkorofi, watu wakawa wananizomea sokoni. Kila nilipopanda ngazi moja, mume wangu alinuna siku mbili.

Mwaka wa sita, nikawa mhusika mkuu.

Nilitoa sharti moja tu: yule adui ninayemsukuma kutoka juu ya paa aigizwe na wifi yangu.

"Yule mama amechoka kuanguka," mwongozaji akaniambia.

"Nampenda hivyohivyo."

Nilishaamua. Kwenye mbili!

Juu ya paa la pili tulikuwa watano tena: mwongozaji mwingine, mpiga picha mwingine, na sisi watatu walewale. Wifi akasimama ukingoni, mgongo ukielekea maboksi. Viganja vyangu vikawa mabegani mwake.

"Wifi," akanong'ona, "najua umeniitia nini."

"Simama vizuri."

"Nisukume kwenye mbili. Ila kwanza ujue nani aliniambia."

Nikamsogezea sikio.

"Kaka alinivuta kando, kwenye ngazi. Akasema, 'Tumebadilisha. Sukuma kwenye mbili, mwenzako anajua.' Ni mwalimu wetu! Ni kaka yangu! Ningemkatalia vipi?"

"Miaka sita, wifi..."

"Nilimuuliza siku ileile. Akasema, 'Sasa atakaa nyumbani. Ukifungua mdomo, umevunja ndoa yangu.' Halafu nikapewa kurasa zako. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu."

"Nyie wanawake, mnapiga soga hapo?" mume wangu akafoka. "Tuko kazini! Haya... moja..."

Nikainua mkono.

"Mwalimu, tuonyeshe wewe kwanza."

"Niwaonyeshe nini? Umeanza kazi leo?"

"Nimesahau. Njoo usimame hapa."

Mpiga picha akacheka. Mume wangu naye akaja akicheka, akachukua nafasi ya dada yake ukingoni. Nikaweka viganja kifuani mwake.

"Hesabu. Mimi nasukuma."

"Kwenye tatu, eh?"

"Kama ulivyomfundisha dada yako."

Kicheko kikamkauka. Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama chini.

"Moja..."

Nikasubiri.

"Endelea, mwalimu."

"Moja..."

"Hiyo umeshaisema."

Midomo ikamcheza. Neno lililofuata halikutoka! Mwanamume aliyehesabia watu maisha yake yote alishindwa kufika mbili!

"Kuna nini hapa?" mwongozaji akauliza.

"Muulize yeye. Mwambie afike mbili."

Moyo wake ulikuwa ukidunda kwenye viganja vyangu.

"Mke wangu," akasema, "niliogopa utaniacha."

"Ukaona univunje."

Nilitamani kumsukuma, sitawaficha. Lakini angetua kwenye godoro, akainuka akiwa na la kunishtaki. Nikamvuta ndani, nikamwachia. Akapiga magoti mwenyewe, mbele ya watu aliokuwa akiwafokea dakika moja tu iliyopita.

Wasomaji wangu, nilibeba kisasi miaka sita nikikielekeza kwa mikono iliyonisukuma. Kabla hujalipiza, mtafute aliyekuwa anahesabu.

Kisha nikawageukia wote.

"Naomba mnisikilize. Kwanza, huyu hatamhesabia mtu yeyote mahali ninapofanya kazi. Pili, leo asirudi kwangu; nguo zake atazikuta kwa mama yake. Tatu, wifi, sijakusamehe. Rudi ukingoni, upange miguu. Nitahesabu mwenyewe, na nitakusukuma kwenye tatu."